Kitu cha Mwisho cha Kutazamwa

Papa Sefu tulimzika baada ya adhuhuri, na udongo haujakauka watu wakawa wameshaanza kumsifu. Alipokuwa hai walimwita mwongo mbele ya watoto wake mwenyewe, na mmoja wao, simtaji kwa sababu bado ananikopesha mkaa, alikuwa akimwita Papa Redio, kwamba anasema mchana kutwa na humuoni anayesikiliza. Siku ya matanga yule yule alikaa mbele kabisa, ameweka kofia vizuri, akisema Kamembe imepoteza mzee aliyeujua mji. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, nachagua mchele. Macho yangu yameingia ukungu, mawe madogo nayatafuta kwa vidole, na nawashinda hawa wasichana wenye macho mawili mazima ambao nusu ya mawe wanayaacha tuje kuyatafuna.

Hapo ndipo Idi alipokuja kuchuchumaa karibu yangu. Idi ni mjukuu wa Papa Sefu, anaendesha moto, yaani pikipiki, anabeba abiria kutoka Gihundwe mpaka mpakani na kurudi, kijana mwenye adabu kuliko ukoo wake wote. Akaniambia, "Bibi, weye peke yako njo umebaki. Ile mji ya kale ya chini, Babu alikuwa anaonyesha batu vitu gani?" Nikamuuliza anataka vya nini. Akasema wageni siku hizi hawataki tu kuona ziwa, ziwa wanaliona kutoka dirisha la hoteli; wanataka vitu ambavyo muntu mwingine hajaona, na yeye ana moto yenye viti vizuri. Nikacheka mpaka nikamwaga mchele. Ni maneno ya babu yake hayo hayo, kama vile yalikuwa yamelala kooni mwa maiti yakahamia kwa mtoto.

Basi nikamwambia. Nilimwambia vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho ninachokiandika hapa, kwa mwandiko wangu wa mtu aliyetolewa shule kabla hajajua kugawanya. Baba yangu na mama yangu siwasemi. Wanaotaka habari za ukoo waende kwa wenye ukoo.

Ulikuwa mwaka wangu wa kumi na saba. Uhuru ulikuwa umeshazoeleka, bendera ya pale ofisi ya komini ilikuwa imepauka wakaweka nyingine. Cyangugu ya chini, pale ziwa linapojikusanya kuwa mto na daraja la zamani linavuka kwenda Bukavu, ilikuwa imeanza kufa. Maduka yalikuwa yanapanda juu Kamembe moja moja, na kila duka lililopanda liliacha nyuma ukuta, mlango, na paka. Papa Sefu alikuwa fundi wa taa za karabai, kijana wa miaka thelathini hivi, na siku za juma alitengeneza taa. Jumapili hakuna aliyeleta taa. Jumapili alivaa koti la kijivu akasimama karibu na daraja, akingoja wageni wanaovuka kutoka Bukavu kutembea: Wazungu walimu na wake zao, watu wa misheni, na mara nyingine Wakongo wakubwa wa ofisi wenye viatu vinavyong'aa. Aliwaambia kwa Kifaransa chake cha kuokota kwamba huu ni mji wa kale sana na yeye peke yake anajua siri zake. Mji wa kale gani. Mlezi wangu alikuwa na jino lililouzidi mji huo umri. Lakini wageni walikubali, kwa sababu ukuta ukibomoka na nyasi zikaota juu yake, nani atakuuliza umebomoka lini?

Alikuwa na utaratibu na hakuuvunja hata mvua inyeshe. Kwanza ngazi. Nyuma ya nyumba ya zamani ya dwani, yaani forodha, kuna ngazi za mawe zinashuka ziwani, na hazisimami kwenye maji, zinaendelea. Maji yakitulia unaziona chini zikienda, moja, nyingine, mpaka zinageuka kuwa kijani. Kule mashua zilikuwa zinafunga zamani kabla maji hayajapanda, au kabla watu hawajahesabu vibaya, sijui. Papa Sefu aliwaambia wageni kwamba chini kuna nyumba nzima na mtu amekaa ndani. Halafu mlango. Duka la Mwarabu mmoja lilikuwa limebomolewa matofali yakaibwa yote, lakini fremu ya mlango na mlango wenyewe vilibaki vimesimama peke yao katikati ya maharage, na ufunguo bado unazunguka. Mwenye shamba la maharage, kila siku akija kulima, alipita mlangoni. Angeweza kuzunguka. Alifungua, akapita, akafunga. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akanitazama kama mtu asiye na malezi.

Halafu kaburi chini ya mikaratusi, jiwe lisilo na jina. Hili kaburi lilitegemea mgeni. Akiwa mwanamume mnene mwenye sharubu, ndani amelala kapteni. Akiwa mama na watoto, ni mbwa wa kapteni, mwaminifu sana. Ukweli ni kwamba ni jiwe la kusagia lililomshinda fundi akaliacha. Halafu benwari, lile beseni refu la chuma ambalo Wazungu wanalala ndani wakioga. Nyumba yake iliondoka, lenyewe likabaki uwanjani na miguu yake minne kama ya simba, na wanawake wa pale tulikuwa tunalowekea mihogo. Wageni walipenda benwari kuliko vyote. Walipiga foto. Maji ya mihogo yananuka vibaya sana, wakapiga foto wameshika pua.

Na baada ya benwari, Papa Sefu alisimama, akashusha sauti. Akasema sasa atawaonyesha kitu cha mwisho Wabeleji walichosahau kubeba. Akawapeleka kwenye baraza la Maman Zubeda. Kitu chenyewe nilikuwa mimi.

Nywele zangu zilikuwa rangi ya majani makavu ya mgomba, na ngozi yangu rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na macho yangu, ah, macho yangu wacha. Wenzangu wa namna ile, machotara, wengi walikuwa wamechukuliwa na watawa wakapelekwa mbali kabla ya uhuru. Mimi siku waliyopita kutukusanya nilikuwa nimefichwa ndani ya gunia la viazi, na Maman Zubeda aliyenilea alinikumbusha jambo hilo kila aliponipa chakula. Alisema, "Ningekuacha wakuchukue, leo ungekuwa unakula nyama kwa uma. Kula sambaza." Nikala sambaza, dagaa wa ziwa letu. Zilikuwa zimekaangwa vizuri, siwezi kumsingizia, alikuwa mpishi. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, katikati hakuna mlango, na chumba cha mbele hakikuwa na pazia. Aliyepita njiani aliona kitanda, aliona mimi juu ya kitanda, aliona ninakula nini. Nilimuomba pazia. Akasema pazia ni la watu wenye kitu cha kuficha, na mimi ninachoficha kinajulikana mpaka Bukavu.

Walinifundisha, yeye na Papa Sefu, kama anavyofundishwa mtoto wa madrasa. Wageni wakifika, toka nje usimame kwenye mwanga, si kivulini. Vua kitambaa cha kichwa taratibu, nywele zishuke. Pandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nyosha mkono, geuza ndani na nje. Usicheke. Ukicheka unakuwa msichana tu. Halafu shika sahani ya bluu, ile yenye ufa, uinyoshe mbele, na wakishaweka kitu sema, "Asante. Sasa tazameni." Ndipo wakasogea. Wanawake wengine walishika nywele zangu, wakazisugua kati ya vidole kama mtu anayenunua kitambaa. Mzee mmoja wa misheni alilia. Yule nilimchukia zaidi, kwa sababu baada ya kulia alizunguka nyuma akatazama hata kisogo changu.

Majirani hawakukaa kimya. Watoto wao walicheza mchezo, mmoja anakuwa Papa Sefu, mmoja benwari, mmoja mimi. Hakuna aliyekubali kuwa mimi, wakawa wanamsukumia mtoto wa kipofu.

Sasa nimseme Yahaya. Alikuwa fundi wa kushona, mtu wa Bukavu, Mwislamu wa familia inayojulikana, na alivuka daraja kila juma na cherehani yake ya mkono kichwani akakaa kwenye baraza la mwenye duka moja la vitenge kule Kamembe. Mimi nilipanda kule na mandazi ya Maman Zubeda. Siku alipotakiwa kunipima gauni hakunitazama usoni. Alitazama futi yake. Aliniambia geuka, nikageuka, akasema mabega kiasi hiki, akaandika kwa chaki mezani, na sikuona jicho lake likiinuka hata mara moja. Mtu mwingine angesema, huyu hanipendi. Mimi nilirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Nilipeleka nguo nyingine, na nyingine, mpaka nikapeleka shuka isiyohitaji kushonwa.

Alisema siku moja, mdomo umejaa pini, hajageuka, "Halima, kule kwangu hapana muntu atakutazama. Chumba iko moja, lakini nitashona pazia. Nzito. Ya kufika chini." Hayo ndiyo maneno matamu niliyoambiwa katika maisha yangu. Kuna wanaoambiwa mwezi na nyota. Mimi niliahidiwa pazia, na nikalala nalifikiria, rangi yake, pete zake zinavyolia kwenye waya mtu akilivuta. Kila Jumapili nikisimama kwenye mwanga na mkono umenyoshwa, nilikuwa nasimama nyuma ya pazia lile.

Wakaja wazee wa kiume wa kwao Yahaya kwanza, wakazungumza na Maman Zubeda, mambo yakaenda vizuri. Ilibaki kuonwa. Sijui ninyi wa leo mnafanyaje, mnatumiana picha kwenye simu. Zamani hapa kwetu, Waislamu wa Kamembe na wa Bukavu, wanawake wa upande wa mwanamume walikuja kumwona msichana bila kusema siku. Hawakusema siku na wakifika hawakusema wao ni nani. Wanakuja kama wapita njia. Kusema ingekuwa aibu, na ingeharibu kazi yenyewe, maana nyumba ingefagiliwa na msichana angefundishwa kunyamaza. Wanataka wakukute na masizi. Wanachosema ni kimoja tu: wanaomba maji ya kunywa. Msichana aliyelelewa akisikia maji anajua. Anaingia, anasuuza kikombe, anapiga magoti, anawapa kwa mikono miwili, macho chini, kitambaa kimefunika mpaka paji la uso. Wanakunywa, wanashukuru, wanaondoka. Jibu linakuja baadaye.

Nilikuwa tayari. Kikombe nilikuwa nacho, cha bati, nimekisugua kwa majivu. Kila mwanamke aliyepita njiani nilifunika kichwa. Maman Zubeda naye alikuwa tayari, alikuwa ameacha hata kunitukana kwa sauti. Lakini Jumapili hakuiacha. Alisema wale watu ni Waislamu, watakuja Ijumaa baada ya swala au siku nyingine ya katikati, Jumapili ni ya Wakristo na ya Papa Sefu. Ndivyo alivyopanga kichwani mwake.

Wakaja Jumapili. Walikuwa watatu, mkubwa wao Shangazi Mwajuma aliyemlea Yahaya, na wengine wawili, mmoja amesoma kwa masista anaongea Kifaransa safi. Walivaa vitenge vipya kabisa, viatu vya kisigino, mikoba. Walipovuka daraja, Papa Sefu akawaona. Koti la kijivu likasogea. Aliwasalimu kwa Kifaransa, yule msomi akamjibu kwa Kifaransa, na hapo basi, Papa Sefu akawahesabu kuwa wake wa wakubwa wa ofisi waliokuja kutembea. Akawauliza wametoka kuona mji wa kale? Sasa fikiri, wewe ungejibu nini? Kusema tumekuja kumwona msichana fulani wasingeweza, ndiyo yenyewe imekatazwa. Wakasema ndiyo, tunatembea tu. Baadaye nilisikia kwamba Shangazi Mwajuma alifurahi, aliona Mungu amempa njia nzuri ya kufika bila kujulikana, na hata alimuuliza Papa Sefu njiani, kwa mbali, kama mtaa huu una mabinti wenye heshima. Papa Sefu akamjibu subiri Maman, utaona.

Wakaonyeshwa ngazi. Wakaonyeshwa mlango, na Shangazi Mwajuma, mtu mzima na kisigino chake kinazama kwenye maharage, akafungua akapita akafunga. Wakapewa kaburi la mbwa. Walisimama kwenye benwari, na mihogo iliyokuwa ndani ilikuwa yangu mimi, nimeiloweka kwa mikono yangu. Najua haya yote kwa sababu Papa Sefu aliyarudia siku zile, kwa kila aliyempa chai.

Mimi nilikuwa ndani nachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasikia sauti yake ya kushuka, ile ya kitu cha mwisho Wabeleji walichosahau kubeba. Nikainuka. Sikuwaza. Mtu akipigiwa kengele anainuka. Nikatoka nikasimama kwenye mwanga, nikaona viatu na mikoba kwa sababu macho siku hizo niliyaweka chini, nikavua kitambaa taratibu, nywele zikashuka. Nikapandisha mkono wa gauni. Nikageuza ndani, nikageuza nje. Nikanyosha sahani ya bluu.

Hakuna aliyeweka kitu. Nikasikia mmoja ananong'ona jina la Mungu. Papa Sefu alicheka kidogo, kile kicheko cha kuwasaidia wageni wenye haya, akasema kwa Kiswahili sasa, maana wale walikuwa wameacha Kifaransa, "Musiogope, Maman. Mushike, haiume."

Ndipo mkubwa wao akasema polepole, "Mwanangu, naomba maji ya kunywa."

Wageni wa Jumapili hawakuomba maji kwetu hata mara moja. Wazungu walibeba chupa zao, waliogopa ugonjwa. Nilisimama pale na kitambaa mkono mmoja na sahani mkono mwingine, na sikuwa na mkono wa tatu wa kufunika kichwa. Hilo ndilo nakumbuka, kwamba nilitafuta mkono. Halafu nikaingia ndani. Nikachukua kile kikombe cha bati, kilikuwa kinang'aa kweli, nikateka maji, nikatoka nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili. Kitambaa nilikuwa nimekifunga upande, nywele zinatoka. Shangazi Mwajuma alikunywa yote mpaka chini. Hakuharakisha. Akanirudishia kikombe, akafungua mkoba wake, akatoa sarafu, akainama akaiweka kwenye sahani ya bluu niliyokuwa nimeiacha chini. Aliiweka bila kuidondosha, isilie. Nimefikiri sana juu ya mwanamke yule. Mtu mkali angenitemea mate, na mate hukauka.

Walipokata kona Maman Zubeda akatoka chumba cha nyuma. Alikuwa ameona. Nilifikiri atanipiga na nilitamani anipige. Aliokota ile sarafu, akaigeuza, akasema, "Angalau wamelipa." Jioni tulikula sombe na bugali, na kwenye sombe kulikuwa na mafuta ya mawese, ambayo hatukuwa nayo asubuhi.

Jibu halikuletwa. Yahaya hakuvuka juma lile, wala lililofuata, na cherehani yake ikaja kuonekana kwenye soko lingine upande wa kwao. Mimi nilienda mpaka darajani, katikati pale mbao zinapolia, askari wa dwani akaniuliza napeleka nini. Sikuwa napeleka kitu. Akaniambia rudi. Na Papa Sefu? Mnaosema alikuwa mzee wa hekima, sikieni. Jumapili iliyofuata alileta watu wengine, mke na mume na watoto wao wenye nywele za manjano kama zangu, na alipofika kwenye baraza akaongeza maneno mapya. Alisema huyu mnayemuona, hata ndoa imemkataa. Wageni waliweka zaidi. Akaendelea kuyasema mpaka Maman Zubeda alipoona wageni wanapungua na mimi nanenepa, akaniozesha kwa mkulima mjane kule Nzahaha ambaye hakuomba kuniona kabla. Aliuliza tu kama najua jembe. Niliishi naye mpaka akafa. Hakuwahi kunitazama vizuri, na nilimshukuru kwa hilo. Jua la shambani lilifanya kazi yake, nikaiva, nikawa rangi ya mtu. Niliporudi huku juu Gihundwe mimi ni bibi kikongwe, hakuna aliyekumbuka ila Papa Sefu, na yeye alipokutana nami alisema, kwa furaha ya kweli, "Halima, tulifanya kazi pamoja."

Nilimwambia Idi ngazi, mlango, kaburi, benwari. Akaandika kwenye simu yake. Akauliza, "Na ya mwisho? Babu alikuwa anasema kila mara kulikuwa na ya mwisho." Nikamwambia ilibebwa. Akasikitika kama mfanyabiashara.

Mchele ukaiva, watu wakala. Mimi nilibaki kupeleka chai kwa wazee wa kiume waliokaa chini ya turubai, maana wasichana walikuwa wanaona haya, na bibi hana haya. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja aliyevuka kutoka Bukavu, mwanawe ameoa mjukuu wa marehemu. Nilikuwa nimesikia jina lake asubuhi, nikasema akina Yahaya ni wengi. Nilipoinama kumpa kikombe niligusa vidole vyake. Fundi wa kushona hafichiki, kile kidole cha shahada kimetobokatoboka kama chujio. Alisema, "Aksanti, Maman," akaendelea na hadithi yake.

Alikuwa anamsifu marehemu. Wote walikuwa wanamsifu, na yeye akasema ana sababu kuliko wote, kwa sababu Papa Sefu alimwokoa na ndoa. Wakamwambia aeleze. Akaeleza vizuri, ana mdomo, huko zamani alikuwa ameuziba na pini. Alisema alipokuwa kijana alimpenda mtoto mmoja wa Kibeleji wa kule chini, mzuri, hapana kawaida. Shangazi zake wakaenda kumwona. Wakapelekwa na Papa Sefu, mguu kwa mguu, mpaka kwenye benwari ya mihogo. Halafu yule msichana akatoka akavua kichwa mbele ya batu, akapandisha nguo, akatega sahani kama muombaji wa sokoni. "Shangazi aliomba maji," akasema, "akapewa maji na sahani." Turubai lote likacheka. Waliinama, walishikana mabega. Mzee wa mkaa alifuta machozi. Mimi pia nilicheka, birika mkononi. Inachekesha, mtu akiieleza kutoka upande ule.

Mmoja akamuuliza, na weye ulifanya nini? Yahaya akasema, "Nilikuwa nimeshashona na pazia. Kitambaa kizito, cha bei. Ningefanya nini? Nilikata, nikatengeneza mifuko ya suruali. Bukavu nzima ilitembea na mifuko ile." Wakacheka tena, kuliko mara ya kwanza.

Niliweka birika chini. Kwenye sinia kulikuwa na kisahani cha sukari. Nikaimwaga sukari kwenye majani, nikakipangusa kwa upindo wa kitenge changu. Nikaenda kusimama mbele yake, nje ya turubai, kwenye jua. Nikanyosha kile kisahani.

Alifikiri ni mchango wa matanga. Watu walikuwa wameshachangia asubuhi, lakini yeye alichelewa kwa ajili ya mpaka, akaona ni zamu yake. Akainua kiuno kidogo kwenye kiti, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti akaiweka kwa adabu, akasema Mungu amrehemu.

"Asante," nikasema. "Sasa tazama."

Nikavua kitambaa taratibu, nywele zikashuka. Ni nyeupe sasa kama za kila kikongwe, na chache. Nikapandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nikageuza ndani, nikageuza nje. Kicheko kilikufa upande mmoja kikaendelea upande mwingine kwa wasioona. Yahaya alitazama. Alitazama kwa muda, na nilingoja, na kwenye ule ukungu wa macho yangu uso wake ulikuwa kitu cheupe tu na kofia juu. Halafu akageuza kichwa, kama mtu mwenye malezi anavyogeuza kwa mama mzee aliyejisahau, akamuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Huyu maman anaumwa?"

Jirani akamwambia amuache, ni uzee.

Idi akaja mbio kutoka nyuma. Aliokota kitambaa changu, akanifunika kichwa kwa mikono yake miwili, taratibu, akafunga mpaka kwenye paji la uso, akaninong'oneza sikioni, "Bibi, twende ndani. Batu banakuona."